Kilimia Chini ya Kuba

Mara ya kwanza nilipotembelea planetari nilitoka na picha zaidi ya mia moja kwenye simu, na kichwani karibu hamna kitu. Nilikuwa nimetenga saa tatu. Nilizunguka ghorofa zote, nikasoma vibao nusu nusu, nikabonyeza kila kitufe kilichokuwa kinawaka, nikaingia kutazama filamu chini ya kuba kubwa, nikatoka nimechoka. Wiki hiyohiyo binti yangu, wakati huo akiwa na miaka tisa, aliniuliza: "Mama, Mwezi uko mbali kiasi gani?" Nilikumbuka kwamba jibu nimeliona. Nilikumbuka hata rangi ya ukuta lilipoandikwa. Jibu lenyewe lilikuwa limeshapotea.

Nikamwambia, "Nisubiri. Tutakwenda wote tukaulize."

Tangu hapo tumekwenda mara tano, na kila tukienda tunaingia na swali moja au mawili, si zaidi. Mambo mengi ninayoyaeleza hapa ni ya ile safari ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Jumba la namna hiyo ni kubwa. Ukiingia bila kujua unachokitafuta litakumeza, na utatoka ukiwa umeona kila kitu na hukubaki na chochote.

Kwanza nieleze mahali penyewe, maana wengi hupachanganya na kituo cha darubini. Kwenye kituo cha darubini unaangalia anga halisi, na mawingu yakitanda basi umekosa. Planetari ni jumba lenye ukumbi wa mviringo wenye dari la kuba, na ndani ya kuba hiyo anga huchorwa kwa mwanga. Inyeshe mvua, iwe saa sita mchana, nyota zipo. Majumba makubwa huwa pia na kumbi za maonyesho zenye vimondo, mifano ya sayari, darubini za kale na vifaa vya kujaribu kwa mikono yako. Lakini moyo wa jumba ni kuba.

Katika moja ya kumbi hizo kuna picha ya dari la sebule, na mbele yake nilisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ni sebule ya Eise Eisinga, mchambua sufu wa mji wa Franeker, Uholanzi. Mwaka 1774 sayari kadhaa pamoja na Mwezi zilikuwa zinaelekea kukaribiana angani, na kijitabu kimoja kikatangaza kwamba zitagongana na Dunia itang'olewa kwenye njia yake. Watu wakaingiwa na hofu. Eisinga, ambaye hakuwahi kusoma chuoni, akaanza kujenga mfano wa mfumo wa Jua darini mwa nyumba yake, ili yeyote atakayeingia aone kwa macho yake jinsi sayari zinavyokwenda. Ilimchukua miaka saba, hadi 1781. Alitumia magurudumu ya mbao, na badala ya meno akapigilia misumari kwa maelfu. Sayari zake ni sita tu, zile zilizojulikana wakati anaanza, na kila moja inazunguka kwa mwendo wake halisi: Dunia mwaka mmoja, Zohali miaka 29 na ushee. Bado zinazunguka hadi leo, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza nyumba hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya kumtoa mtu hofu kuliko hiyo, ya kumjengea kitu akitazame.

Kuba tunayoijua sisi ilikuja karne moja na nusu baadaye. Makumbusho ya Deutsches Museum mjini Munich, Ujerumani, yaliiomba kampuni ya Zeiss itengeneze anga la kukaa ndani yake. Wazo la awali lilikuwa kuzungusha kuba yenye matundu ya nyota. Mhandisi Walther Bauersfeld akaligeuza: kuba itulie tuli, kizunguke chombo cha kumulika kilicho katikati. Oktoba 1923 chombo hicho kilionyeshwa Munich kwa mara ya kwanza, kikitupa nyota zipatazo 4,500 kwenye kuba nyeupe. Projekta nyingi za leo ni za kidijitali, lakini kuba bado hutulia tuli na anga humulikwa juu yake, kama alivyowaza Bauersfeld.

Sasa swali la binti yangu.

Lilijibiwa kwenye ukumbi wa chini, na halikuanza kujibiwa kwa namba. Palikuwa na mhudumu mmoja, mzee mwenye mvi, amesimama kando ya tufe la Dunia lenye upana wa sentimita 30. Akampa binti yangu mpira mdogo wa kijivu, kama sentimita nane hivi. "Huu ndio Mwezi, kwa kipimo hikihiki cha Dunia yetu hapa. Haya, mjukuu wangu, upeleke mahali pake."

Binti yangu akaenda hatua moja, akasimama. Mzee akatikisa kichwa. Akaongeza hatua mbili. "Bado." Mtoto akanigeukia, nami nikamwonyesha kwa kidole, pale kwenye nguzo, kama mita mbili na nusu kutoka tufeni. Nilikuwa na hakika kabisa.

"Bado, mama," mzee akasema kwa upole.

Akashika ncha ya kamba iliyoviringishwa kwenye mguu wa tufe, akampa mtoto, akamwambia atembee mpaka iishe. Ikaenda, ikaenda, ikapita meza ya vitabu, ikamfikisha mlangoni kabisa, ambako watu walikuwa wanaingia na kumpisha. Mita tisa. Umbali wa Mwezi ni upana wa Dunia mara 30: Dunia ina upana wa kilomita 12,742, na Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400. Binti yangu alisimama pale mlangoni ameinua ule mpira juu ya kichwa, na ghafla nikaona jinsi ulivyo peke yake.

Mzee hakuishia hapo. Akaniambia nisimame kando ya tufe, nifumbe jicho moja, ninyooshe mkono na kujaribu kuufunika ule mpira kwa ncha ya kidole cha mwisho. Kidole kikaufunika, nafasi ikabaki. "Leo usiku ukiuona Mwezi, mfanyie hivyohivyo," akasema. Usiku ule nilifanya. Kidole kiliufunika Mwezi mzima kwa kiasi kilekile nilichokiona ukumbini.

Kwa kipimo cha tufe lile, Jua lingekuwa na upana wa mita 33, na lingewekwa kilomita tatu na nusu kutoka pale. Tangu siku hiyo nikiona mchoro wa Dunia, Mwezi na Jua vimepangwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, nafsi inakataa. Si kosa la wachoraji, ukurasa hautoshi. Ila watoto wetu wanapaswa kuambiwa kwamba ukurasa hautoshi, na mara nyingi hawaambiwi.

Karibu na ngazi kulikuwa na pendulo ndefu ya Foucault: tufe zito la chuma likining'inia kwa waya kutoka dari la juu kabisa, likibembea polepole juu ya duara la vijiti vilivyosimamishwa. Mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault aliitundika ya kwake kwenye jengo la Panthéon mjini Paris mwaka 1851, kwa waya wa mita 67, ili watu waone Dunia inajizungusha. Pendulo hubembea kwenye mstari wake uleule, sakafu ndiyo inayogeuka chini yake, na taratibu tufe linakifikia kijiti kinachofuata na kukiangusha. Kwenye ncha za Dunia mstari huo hukamilisha mzunguko kwa siku moja, Paris ulichukua kama saa 32, na kwenye ikweta haugeuki kabisa. Mara ya kwanza nililipita bila kusimama. Safari hii tuliketi sakafuni tukangoja. Ilichukua dakika kumi na kitu. Tufe lilikigusa kijiti likapita, likakigusa tena, kikatikisika, na katika bembea iliyofuata kikaanguka kwa mlio mdogo wa mbao. Watu wasiofahamiana wakapiga makofi. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niko juu ya kitu kinachogeuka.

Halafu tukaingia kubani.

Jumba lile lina maonyesho ya aina mbili, na mwanzoni sikuijua tofauti yake. Kuna filamu zilizorekodiwa, zenye muziki na sauti nzito ya msimulizi. Na kuna kipindi cha anga la usiku ambacho mtu aliye hai anaketi nyuma kwenye meza ya mitambo, anaongea nanyi na kujibu mnachouliza. Filamu ni nzuri, sizibezi. Lakini kama mtu ana nafasi ya kuingia mara moja tu, namsihi achague kipindi chenye mtu. Filamu haiwezi kusimama ikakusubiri uelewe.

Mwelekezi wetu alikuwa mwanamama wa umri wangu, sauti ya taratibu, na kwenye meza yake palikuwa na taa ndogo nyekundu tu. Alizima taa za ukumbi polepole sana, akatueleza sababu. Ndani ya jicho kuna chembe zinazofanya kazi kwenye mwanga na zingine za gizani, na hizi za gizani zinahitaji dakika 20 hadi 30 kuamka sawasawa. Mwanga mweupe wa sekunde chache unazilaza tena. Akatufundisha pia kwamba nyota hafifu usiikazie macho. Itazame pembeni kidogo, itajitokeza, kwa sababu katikati kabisa ya jicho chembe za gizani hazipo.

Tulipokuwa tumeanza kuona nyota ndogondogo, mtu wa safu ya mbele akawasha simu. Ukumbi mzima ukaguna. Mwelekezi hakumkaripia. "Ndugu zangu," akasema, "basi tungoje tena pamoja." Tukangoja. Baadaye nyota zilirudi moja moja, kwanza zile kubwa, halafu vumbi lililo kati yake, na hatimaye Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota nyingi mno, ikajitandaza kutoka upande mmoja wa kuba hadi mwingine. Mahali penye giza la kweli jicho la mtu linaweza kuona nyota elfu kadhaa kwa wakati mmoja. Penye taa nyingi za barabarani huzipata makumi tu. Wapo waliokuwa ukumbini ambao hawajawahi kuona Njia Nyeupe maishani mwao, na nilisikia mmoja nyuma yangu akiuliza kama lile ni wingu.

"Mnataka kuona nini?" mwelekezi akauliza.

Kijana mmoja akataka aonyeshwe nyota yake. Akasema amezaliwa mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo yeye ni Simba. Mwelekezi hakumdhihaki. Aliipeleka kuba hadi tarehe ya kuzaliwa kwake, saa sita mchana, kisha akafanya jambo ambalo sikujua linawezekana: akaiondoa hewa. Ule weupe na ubuluu wa mchana ukafutika, Jua likabaki linang'aa katikati ya nyota. Na Jua halikuwa kwenye Simba. Lilikuwa kwenye kundi la jirani, Kaa. Akaeleza kwamba mhimili wa Dunia unayumba kama pia ya kuchezea inayozunguka, na kuyumba huko kunakamilika kwa takriban miaka 26,000, hivyo tarehe zilizopangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita hazilingani tena na anga. Ndipo akatenganisha falaki, yaani elimu ya nyota, na unajimu, yaani kutabiri kwa nyota, kwa maneno machache, bila kumuumiza yule kijana, na kijana akashukuru.

Mimi nikanyoosha mkono, gizani, kana kwamba ataniona. "Naomba Kilimia."

Kilimia ni kishada cha nyota, na kina methali ambayo nimeisikia tangu utoto na kuitumia mwenyewe mara nyingi: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliitumia kama tunavyotumia methali, kumwambia mtu kwamba hali hubadilika. Sikuwahi kujiuliza kinazama wapi, wala kinazuka kutoka wapi. Nilidhani ni kuzama kwa kila siku, kama Jua.

Mwelekezi alikijua mara moja. Akakionyesha kwa mshale mdogo wa mwanga: kishada kidogo cha nyota, kimekaa juu kabisa, mwishoni mwa Januari, Jua likiwa limetua muda si mrefu. "Sasa tubaki saa hiihii ya jioni," akasema, "ila tuzisogeze siku."

Akaanza kuzisogeza. Kila jioni mpya Kilimia kilikuwa kimeshuka kidogo kuelekea magharibi. Nyota hutangulia kwa karibu dakika nne kila siku, akasema, kwa sababu Dunia inasonga kwenye mzingo wake, njia yake ya kulizunguka Jua. Februari kimeinama. Machi kimefika nusu ya njia. Aprili kinagusa wekundu wa machweo. Siku za mwanzo za Mei nilikaza macho nikakitafuta, nikakumbuka kutazama pembeni, nikakiona kwa shida. Jioni iliyofuata hakipo.

"Kimezama," akasema. "Sasa geukeni mashariki."

Kuba ikageuka, au sisi tulihisi tumegeuka. Ikawa alfajiri. Akasogeza siku tena. Mei yote, upeo wa mashariki mtupu. Kisha, ilipoingia Juni, juu kidogo ya mstari ambapo weupe wa alfajiri unaanzia, kikatokea kidoa, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Siku iliyofuata kikapanda. Siku ya tatu kila mtu alikiona na watoto wakapiga kelele.

"Kimezuka. Ni kama siku 40 kimekosekana," akasema. "Mnataka kujua kilikuwa wapi?"

Akaturudisha Mei 20, mchana kweupe, na kwa mara nyingine akaiondoa hewa. Kilimia kilikuwa palepale, kando kidogo ya Jua, karibu kiasi cha kupotea kwenye mng'ao wake. Hakikuwa kimekwenda popote. Jua ndilo lililopita mbele ya sehemu ile ya anga, au kwa kusema kweli, sisi ndio tuliozunguka mpaka Jua likawa katikati yetu na Kilimia.

Nilifunika mdomo kwa mkono. Methali niliyoitamka miaka yote hiyo ilikuwa imebeba jambo lililopimwa na watu wasiokuwa na kuba wala projekta, waliotazama jioni baada ya jioni, wakakosa kitu, wakahesabu, wakakingoja upande wa pili. Siku 40 zinatosha msimu kubadilika. Na jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Nilikuwa nimekwenda kujifunza elimu ya nyota kama kitu kigeni, kumbe sehemu yake ilikuwa mdomoni mwangu.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kuba inapozidi kitabu na hata darubini. Darubini inakupa kitu kimoja kwa ukaribu, na kitabu kinakupa maelezo. Kuba inakukunjia wakati. Miezi mitano ya jioni niliipitia kwa dakika mbili, shingo imelala kwenye kiti, na mwendo ambao macho yangu yasingeweza kuukamata kamwe ukawa wazi kama mtu anayetembea. Ndivyo alivyotuonyesha pia Mirihi: mwezi baada ya mwezi inasonga mashariki kati ya nyota, inapunguza mwendo, inasimama, inarudi nyuma, halafu inageuka na kuendelea na safari. Hutokea kila baada ya miezi 26 hivi, Dunia inapoipita kwenye mzingo wa ndani, kama unavyolipita gari la polepole na kuliona linarudi nyuma. Neno sayari tumelipata kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni kinachokwenda. Nilikuwa nalitamka bila kulisikia.

Alitupeleka ncha ya kaskazini, ambako nyota zinazunguka sambamba na upeo bila kuchomoza wala kuzama, kisha ikweta, ambako zinapanda wima na kushuka wima na mwaka mzima hakuna nyota unayonyimwa. Hilo alilipitia haraka, nami sina la kuongeza.

Mwisho akatuondoa Duniani. Alituonya kwanza: anayesikia kizunguzungu afumbe macho, kiti hakijasogea. Binti yangu alikisikia, akanishika mkono, akafumba, akafumbua tena akiwa sawa. Wanaosumbuliwa na mwendo wakae safu za nyuma, huko kuba haikuzingiri sana.

Tulielekea kundi la Jabari. Kutoka hapa Jabari anaonekana kama mtu mmoja aliyesimama, mabega, mkanda na miguu. Tulivyozidi kwenda, akaanza kuchanika. Bega likabaki upande mmoja, mguu ukaenda mwingine, mkanda ukajinyoosha, kwa sababu nyota zake ziko kwenye umbali tofauti, moja nyuma ya nyingine kwa mamia ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na ni sisi tu, tukiwa hapa tulipo, tunaoziona kama mwili mmoja. Nilihuzunika kidogo, sitaficha. Kisha akatugeuza kuelekea Kilimia nikaogopa kwamba nacho kitachanika.

Hakikuchanika. Tulikifikia, tukakizunguka, tukakitazama kutoka nyuma, na nyota zake zikabaki pamoja kama ndugu walioketi mkekani. Ziko takriban miaka ya nuru 440 kutoka kwetu. Kwa macho tunaona sita au saba, lakini kishada kina nyota zaidi ya 1,000, na zote zilizaliwa kwenye wingu moja la gesi na vumbi yapata miaka milioni 100 iliyopita. Mwanga wanaouona watu usiku huu uliondoka huko kabla ya mwaka 1600.

Binti yangu akauliza kwa sauti, gizani, jambo ambalo mimi ningelionea haya: "Shangazi, mmejuaje kama hamjafika?"

Mwelekezi akawasha taa kidogo. Akamwambia anyooshe kidole mbele ya uso, afumbe jicho moja, kisha abadilishe jicho. Kidole kinaruka kushoto na kulia. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kidogo. Dunia ikiwa upande huu wa Jua ni jicho la kwanza, baada ya miezi sita ni jicho la pili, na nyota iliyo karibu inaruka kidogo mbele ya zile za mbali. Chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kimeupima mruko huo kwa nyota zaidi ya bilioni moja, na ramani tuliyokuwa tunasafiri ndani yake imejengwa juu ya vipimo vya namna hiyo. Mtoto alibaki anafumba jicho hili na lile mpaka tukatoka.

Tukiwa njiani kutoka tulipita kimondo cha chuma kilichowekwa wazi ili watu wakishike. Upande mmoja kimekatwa na kung'arishwa, na juu yake kuna mistari inayopishana, iliyotokea chuma kilipokuwa kinapoa polepole kwa mamilioni ya miaka ndani ya mwili wa angani. Kilikuwa baridi na pembe zake zimelainishwa na mikono ya watu. Nakumbuka kwenye safari ya kwanza nilikipiga picha. Safari hii nilikiwekea kiganja nikakaa hivyo.

Nilipomaliza kipindi nilimfuata mwelekezi kumshukuru, nikamwambia sikujua kama inaruhusiwa kuuliza vile. Akasema vipindi vingi hupita bila swali hata moja, watu wanatoka kimya, naye anabaki hajui walichokibeba. Kwa hiyo nawaambia wote ninaowajua: ulizeni. Mwenye mitambo ile anaweza kukupeleka tarehe yoyote, mahali popote, na anasubiri mtu wa kumwambia wapi.

Juni iliyofuata nilimwamsha binti yangu saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa tumekosa Kilimia jioni ya mwanzo wa Mei, tukaandika tarehe kwenye daftari, tukahesabu. Tulipanda juu ya paa la nyumba tukakaa gizani bila simu. Mashariki palikuwa na ukungu mwembamba karibu na upeo. Dakika kumi, kumi na tano, hakuna kitu. Nikaanza kufikiri tumewahi mno, au taa za huko mbali zimekificha.

"Usitazame hapohapo, mama," akaninong'oneza. "Tazama pembeni."

Nikatazama pembeni. Kwanza kikawa kama uvuguvugu tu wa mwanga, kisha nyota tatu, nne. Yeye akahesabu tano, akasita, akasema sita.

"Kimetoka nyuma ya Jua," akasema, akafungua daftari akaandika kwa kupapasa, bila kuwasha taa.